Saa Kumi ya Majani

Saa kumi jioni, Marangu ya utoto wangu, mlimani Kilimanjaro, ilikuwa saa ya majani. Ng'ombe wa Mchagga hachungwi. Anakaa bandani, ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, kati ya migomba na kahawa, na chakula humfuata alipo: nyasi, majani ya mgomba, na mgomba wenyewe uliokatwakatwa. Wa kumpelekea ni mwanamke. Kihamba hakina nafasi ya nyasi za kutosha, kwa hiyo mama zetu na sisi mabinti tulishuka njia ya Himo hadi tambarare, tukakata, tukafunga mzigo, tukaupandisha mlima kichwani. Mzigo uliofungwa vizuri humfunika mbebaji hadi mabegani. Ukimtazama kwa mbali unaona rundo la majani lenye miguu miwili linapanda kilima.

Nimezaliwa mwaka 1953. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 34, na karibu miaka yote hiyo nimekuwa mwalimu wa mpira wa pete. Watu wakihesabu maendeleo ya nchi yetu tangu uhuru hutaja shule, zahanati, barabara ya lami na maji ya bomba. Sipingi hata kimoja. Lakini mimi nina kipimo changu, nacho ni ile saa kumi: ni wasichana wangapi saa hiyo wanakimbia bila mzigo kichwani, mbele ya macho ya watu, na hakuna anayewauliza wametumwa wapi?

Kukimbia tulijua kabla ya kufundishwa. Tulikuwa na rede. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, mmoja yuko katikati na chupa. Kazi yake ni kuijaza chupa mchanga huku akikwepa mpira unaorushwa kwa nguvu. Ukipigwa umetoka. Anayejua rede ana macho kisogoni, na viungo vyake vinageuka kabla hajafikiri. Ila rede ilichezwa kwa kuiba. Tuliicheza njiani tukitumwa maji, tuliicheza nyuma ya kanisa, na mama akiita jina lako unaacha chupa papo hapo na kukimbilia nyumbani. Kwa watu wazima ule haukuwa mchezo wa kutazamwa, ulikuwa uvivu wa watoto wa kike.

Usiku wa tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliposimamisha bendera na mwenge kileleni Kibo, nilikuwa na miaka minane. Tulisimama nje kwenye baridi tukakodoa macho upande wa mlima hadi bibi akatufukuza tukalale. Miezi michache baadaye akaja shuleni kwetu mwalimu mpya wa kike, ambaye alikuwa ameucheza mpira wa pete katika shule ya bweni. Kwetu mlimani elimu ya wasichana ilikuwa na mizizi: Walutheri walikuwa na Chuo cha Ualimu Marangu na shule ya wasichana ya Ashira, na upande wa Kilema Wakatoliki walikuwa wamekaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walimu wa kike tulikuwa tumewaona. Ambaye hatukuwa tumemwona ni mwalimu wa kike aliyevaa filimbi shingoni.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, ukitokana na mpira wa kikapu wa Marekani, na kanuni zake zikachapishwa mwaka 1901. Walioutunga waliwafikiria wanawake waliovaa sketi ndefu, ndiyo maana mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao. Lazima autoe ndani ya sekunde tatu, na kila mchezaji kati ya wale saba ana eneo lake asilolivuka. Vijana wa siku hizi huziona kanuni hizo kama minyororo. Mimi nasema zilitufaa kuliko waliozitunga walivyodhani, kwa sababu ukiwa huwezi kukimbia na mpira, lazima uwaamini wenzako sita. Mtoto wa kike wa kwetu alikuwa amefundishwa kubeba mzigo peke yake hadi mwisho wa safari. Pale kiwanjani akafundishwa kuutoa mzigo mkononi upesi, kwa mtu aliyeko mahali pazuri zaidi.

Kiwanja kilikuwa shida ya kwanza. Marangu hakuna tambarare. Kila kipande kilicholala sawa kina kihamba, au kanisa, au makaburi, na wavulana walikuwa wameshakichukua kipande kikubwa mbele ya shule kwa ajili ya kandanda. Sisi tulipewa ukingo wa chini, uliokuwa umeinama kuelekea mtoni. Mwalimu alitupimia kwa hatua zake, urefu hatua kama thelathini, upana nusu yake. Tulilima kwa majembe upande wa juu tukajaza upande wa chini, tukapanda masale pembezoni ili wapita njia wajue mpaka. Nguzo zilikuwa za mkaratusi. Pete ilikunjwa na fundi wa chuma kutokana na ukanda wa pipa la mafuta. Chokaa ya kuchorea mistari hatukuwa nayo, kwa hiyo kila msichana alitoka kwao na kopo la majivu ya jikoni. Siku ya mchezo tuliinama tukimwaga majivu kwa ncha za vidole, mstari mweupe juu ya udongo mwekundu, na hadi leo nikisikia harufu ya jiko lililozimwa naona ule mstari wa katikati.

Na kile kiinamo hakikuisha kabisa. Timu iliyofunga upande wa chini ilikuwa na bahati, mpira ulikuwa ukiwafuata. Ndiyo maana hatukusahau kubadilishana upande kila robo ikiisha, hata refa akisahau.

Shida ya pili ilikuwa saa. Baada ya wiki mbili za mazoezi tulibaki watano, kisha watatu. Wengine walikuwa kwenye majani. Hapo mwalimu wetu akafanya jambo ambalo kwangu mimi ni mwanzo wa historia ya michezo ya wanawake katika kijiji chetu: alianza kupita nyumba hadi nyumba. Alipofika kwetu nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jikoni, nikasikia kila neno.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ukae. Mtoto amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja kuomba saa moja. Jumanne na Alhamisi, saa kumi."

"Saa ya nini?"

"Ya mtoto kucheza mpira."

Baba alikaa kimya, kisha akasema: "Na ng'ombe nimwambie nini, Mwalimu? Nimwambie majani yamekwenda kucheza?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Aliyejibu alikuwa bibi yangu, mama yake baba, aliyekuwa ameketi pembeni akimenya ndizi. Hakuinua uso. Alisema: "Mimi nimebeba majani tangu sijavunja ungo. Hakuna aliyewahi kuja kuniombea saa moja. Mpe."

Wakakubaliana kwamba Jumanne na Alhamisi nitakata majani alfajiri kabla ya shule, na kinachopungua kaka yangu atakileta jioni. Jambo hilo la mwisho ndilo lililozua gumzo. Mvulana kubeba majani ya ng'ombe kichwani, mchana kweupe, barabarani! Wenzake walimcheka mwezi mzima. Yeye akavumilia, kwa sababu aliyetoa amri alikuwa bibi. Nimesoma na kusikia mengi juu ya usawa tangu siku hizo, lakini picha inayonijia kwanza ni ya kaka yangu akipanda kilima chini ya mzigo wa majani ili mimi nikavae herufi C kifuani, nafasi ya katikati, inayoruhusiwa kukimbia kiwanja kizima isipokuwa ndani ya nusu duara za magoli.

Mwaka 1965, pale Marangu Mtoni, watu walikusanyika dukani penye redio. Habari ilitoka Brazzaville, kwenye Michezo ya Afrika ya kwanza: Theresia Dismas wa Tanzania amepata nishani ya fedha kwa kurusha mkuki. Mwanamke, mkuki! Nyumbani kwetu mkuki wa babu ulining'inia upande wa wanaume, na sisi wasichana hatukuwahi kuugusa. Wiki ile nzima tulirusha kila kilichonyooka, matete, fito, vijiti vya maharage. Nchi ilikuwa na umri wa miaka michache, na jina lake lilitangazwa mbele ya Afrika nzima kwa mkono wa mwanamke. Nasikitika kwamba vijana wengi niliowafundisha wanawajua wakimbiaji Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, na wana haki ya kuwajua, lakini Theresia Dismas hawajamsikia. Alikuwa na nishani yake miaka tisa kabla ya Bayi kuvunja rekodi ya dunia kule Christchurch.

Mwaka 1967, ule ule wa Azimio la Arusha, ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Michezo la Taifa. Kwa wakubwa wa Dar es Salaam ilikuwa sehemu ya kujenga taifa. Kwetu ilikuja kwa sura ya mchakamchaka: kila asubuhi shule nzima inakimbia kwa nyimbo, wavulana na wasichana mstari mmoja, kabla jua halijaupita mti wa mruka. Baba hakuwa na la kupinga, kwa sababu mchakamchaka uliagizwa na serikali. Nilipomaliza ualimu nikapitia Jeshi la Kujenga Taifa, na huko tukapewa kaptura. Nilipiga picha nikiwa nimevaa kaptura na viatu vya jeshi, nikaituma nyumbani kwa fahari. Mama aliificha kabatini chini ya vitambaa vya meza, na wala hakumwonyesha mchungaji. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mgonjwa, aliniomba niitoe. Aliitazama muda mrefu, kisha akauliza kama kaptura zile zilikuwa na mifuko.

Miaka ya 1970 mpira wa pete ulikuwa mchezo wa nchi nzima. Chama chake, CHANETA, kilikuwa na klabu za kusimamia, na klabu hizo zilikuwa za mashirika ya umma, majeshi na idara za serikali. Msichana aliyefunga vizuri shuleni alipata kazi shirikani, kwa ajili ya mikono yake. Nawajua watatu kutoka tarafa yetu waliowajengea mama zao nyumba kwa namna hiyo. Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 walikuwamo Nzaeli Kyomo na Mwinga Mwanjala, wakimbiaji wetu wa kike, na mwalimu wa darasa la tano aliweza kusema "kimbia kama Nzaeli" na watoto wakamwelewa.

Lakini kufikia hapo nchi ilikuwa imetoka vitani. Vita vya Kagera, vilivyoanza mwaka 1978 na kwisha 1979 Idi Amin alipong'oka, viliikausha hazina. Wasomaji wa umri wangu hawana haja ya kukumbushwa foleni za sukari, sabuni na mafuta ya taa. Watu wanapozungumza juu ya kujenga upya nchi iliyoumia huzungumzia viwanda na madaraja. Mimi nakumbuka mpira mmoja. Shule tatu jirani tulikuwa na mpira mmoja wa ngozi. Jumatatu na Jumanne unakaa kwetu, Jumatano unapelekwa kwa wenzetu ndani ya kikapu cha ndizi, na kadhalika. Ngozi yake ilikuwa imebabuka mpaka inafanana na kiazi. Bladda ilipotoboka tulimpelekea fundi baiskeli, akaweka kiraka na gundi kama anavyoziba tairi. Mvua ikinyesha ulinyonya maji ukawa mzito kama jiwe la kusagia, na wasichana waliudaka hivyo hivyo, vidole vikifa ganzi. Tuliomba mpira mwingine katika ofisi moja kwa barua nne. Jibu lilikuja baada ya mwaka, likisema mipira iliyopo ni ya kandanda, na itagawiwa shule zenye timu za wavulana.

Sikulia. Nilirudi darasani nikawaambia wanafunzi watengeneze mipira ya rede. Mwaka ule timu yetu ilishika nafasi ya pili kiwilaya, na mikwepo yao ilikuwa ya ajabu.

Pigo lililonitesa zaidi halikutokana na umaskini. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipobinafsishwa, timu zake nyingi za mpira wa pete zilikufa kimya kimya, na mchezo ukabaki mikononi mwa majeshi na idara chache. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yakasimamishwa kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba yanawapotezea watoto muda wa masomo. Yalirudishwa baadaye, UMISSETA kwa sekondari na UMITASHUMTA kwa shule za msingi. Ila mtoto hasubiri. Niliwahi kuwa na mfungaji wa darasa la tatu ambaye hakukosea pete hata kwenye upepo, na alimaliza la saba bila kucheza mechi hata moja nje ya shule yetu. Na ile saa iliyookolewa kutoka kwenye michezo, je, aliitumia kusoma? Alirudi kwenye majani. Nilikuwa nikimwona.

Nina neno pia juu ya sketi, kwa kuwa nimeivaa. Sketi ndiyo iliyotufungulia mlango. Wazazi na wazee wa kanisa waliukubali mpira wa pete kwa sababu una sketi na hauna kugongana. Lakini mlango huo huo ulitufungia kandanda kwa miaka mingi, kwani kila msichana aliyepiga mpira kwa mguu aliambiwa aende kwenye "mchezo wenu". Mimi mwenyewe nimewaambia hivyo wasichana wawili, mwaka 1987, na nilikosea.

Mwaka 2010 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya kandanda ya wanawake, walifika fainali za Afrika kule Afrika Kusini kwa mara ya kwanza. Walipoteza mechi zote tatu za kundi lao, na nilizifuatilia zote. Ligi Kuu ya Wanawake ikaanza mwaka 2016. Mwaka 2022 Serengeti Girls, watoto wa chini ya miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia nchini India, wakaifunga Ufaransa 2–1, wakafika robo fainali. Siku ile ya Ufaransa kibanda cha kuonyeshea mpira kilijaa, na wanaume wazima walisimama kwenye viti kwa ajili ya miguu ya wasichana. Julai 2025 Twiga Stars walirudi fainali za Afrika, Morocco, wakatoka sare ya 1–1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi. Mjukuu wangu anacheza beki ya kushoto. Anavaa bukta, na hakuna anayeificha picha yake kabatini.

Kuna jambo moja la mlima wetu wa Kilimanjaro ambalo halijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili. Mwaka 1927 Mwingereza Sheila MacDonald alifika kileleni, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na vitabu vimelihifadhi jina lake. Ni haki yake. Mwaka ule ule bibi yangu alikuwa msichana, akishuka na kupanda mteremko wa mlima huo huo kila siku ya Mungu na mzigo kichwani, na hakuna aliyeiita kazi ile mazoezi. Miaka tisini baadaye, tarehe 24 Juni 2017, wanawake kutoka nchi zipatazo ishirini walipanda Kilimanjaro wakacheza kandanda kwenye majivu ya kreta, mita 5,714 juu ya bahari, wachezaji kumi na mmoja kila upande, dakika 90 kamili. Hakuna mechi kamili ya kandanda iliyokuwa imetambuliwa rasmi kuchezwa juu kiasi hicho. Alikuwamo mwenzao kutoka Afghanistan, nchi ambayo mwanamke kugusa mpira tu kumekuwa jambo la kuhatarisha maisha. Matokeo yalikuwa 0–0. Mimi niliyechora kiwanja kwa majivu ya jikoni, nilipoambiwa kwamba kule juu walicheza juu ya majivu ya mlima wenyewe, nilikaa chini.

Kiwanja chetu kipo. Mwaka juzi kulikuwa na mpango wa kujenga fremu za maduka kwenye nusu ya upande wa juu, kwa sababu kiko karibu na barabara na ardhi ya sawa imekuwa ghali. Tulikwenda kwenye mkutano wa kijiji wanawake zaidi ya arobaini, wengi wao niliowafundisha, na baadhi walikuja na kaka zao. Mpango ule umesimama, haujafutwa. Nawaomba viongozi wa vijiji vyetu, kabla hamjapima kiwanja cha wasichana kwa futi za maduka, mje mkisimame pembeni siku mbili tu mkihesabu watoto.

Masale yale tuliyoyapanda yamekuwa marefu kuliko mimi. Pete ya upande wa mtoni ni mpya, imechomelewa mwezi wa tatu. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi kamili jioni.